Madoa ya Binti Mselem

Nchi yetu haina jina, na wala hatujapungukiwa na kitu. Zamani jina lilikuwepo. Likabadilishwa kwa heshima ya huyu, likabadilishwa tena kwa aibu ya yule, mpaka wachora mabango wakaanza kulalamikia mikono, ndipo Mlezi wa Taifa akaamua tuiite "nchi yetu" basi. Majirani wakitaka kuitaja husema "ile nchi" huku wakitazama pembeni, na kila mtu anaelewa.

Mimi naitwa Faki Makame. Ni Mtambuzi wa Nyuso, Daraja la Pili, kwenye lango la Nyumba ya Kutafakari. Wenye midomo yao huiita jela. Hawajui wasemalo. Jela mtu anafungwa; kwetu mtu anapewa nafasi ya kutafakari, na mlango unatiwa komeo ili asisumbuliwe na watu. Kazi yangu ni kuwatazama wanaokuja kuwaona ndugu zao na kuthibitisha kwamba ndio wao. Nina kioo cha kukuzia, nina kiti chenye mgongo, na siku za mvua nina mwavuli wa serikali.

Nasimulia habari ya Sikudhani binti Mselem kwa sababu mtaani inasimuliwa vibaya. Nikipita barazani watu wananyamaza. Wanasema sina moyo. Jamani, moyo ninao, tena unaniuma mpaka leo. Nilichokuwa sina ni mamlaka.

*

Kwanza mgeni aelewe sisi tunavyotambuana.

Wenzetu hutumia alama za vidole. Na sisi tulijaribu. Mashine zilinunuliwa, zikapokewa bandarini kwa ngoma, Waziri wa Utambuzi akazibusu moja moja mbele ya waandishi. Zilipowashwa ikagundulika kwamba wananchi wetu hawana alama za vidole. Wamelima, wamefua, wamebeba zege, wamesugua masufuria ya watu, mpaka ncha za vidole zimekuwa laini kama mgongo wa kijiko. Vidole vyenye alama safi walikuwa navyo wakubwa tu, na wakubwa hawahitaji kutambuliwa.

Hapo ndipo Mlezi wa Taifa alipotukumbuka. Yeye ujanani alisumbuliwa sana na chunusi, zikamwachia madoa. Madoa yale si siri, ni somo. Watoto wa shule huyakariri kwenye picha yake kwa fimbo: la shavu la kulia linaitwa Uhuru, la kidevuni linaitwa Umoja, na yale mengi madogo madogo karibu na sikio yanaitwa kwa pamoja Maendeleo, kwa kuwa hayahesabiki. Basi Mlezi akasema redioni, "Vidole ni vya kazi. Uso ndio wa mtu. Na uso usio na alama ni ukuta tu."

Vijana wote waliokuwa kwenye umri wa chunusi wakaitwa uwanjani, wakapigwa picha na askari, mashavu yakapimwa, madoa yakasajiliwa. Usajili ni mara moja kwa maisha yote. Sababu si ukali, ni kwamba kamera ilikuwa moja, na baada ya zoezi haikuonekana tena. Waliobahatika kutokuwa na chunusi kabisa waliandikwa "wapitaji", na mpaka leo wanaishi hapa kama watu wanaosubiri meli.

Sikudhani alisajiliwa siku ile. Wakati ule alikuwa nazo, maskini. Madoa matatu chini ya jicho la kushoto, moja kubwa katikati ya shavu la kulia, na mengine yamemwagika kuelekea sikioni kama punje za mtama. Alirudi nyumbani analia kwa aibu, kwamba uso wake umewekwa serikalini ukiwa katika hali ile.

Baba yake akamwambia, "Usilie, mama. Madoa niachie mimi."

*

Huyo Mselem sasa. Alikuwa na studio ya picha nyuma ya soko la samaki, chumba kimoja chenye pazia la bluu na kiti cha kifalme ambacho mguu wake mmoja ulikuwa wa boksi la soda. Mtaa mzima tumekaa kwenye kiti kile. Akishakuweka sawa hukwambia, "Nyoosha shingo, meza mate, usiwafikirie wakwe," halafu anapiga.

Lakini kazi yake hasa ilikuja baadaye, picha ikishakauka. Hukaa dirishani na brashi nyembamba isiyozidi nywele chache, akailamba ncha, akaichovya kwenye wino wake, kisha akaanza kukufuta. Vipele, makovu, madoa ya chunusi, ndui ya bibi, vyote anavipitia kwa viduara vidogo vidogo mpaka uso unatulia. Hakuwahi kumuuliza mtu kama anataka. Kwake ilikuwa adabu, kama kumkaribisha mgeni maji. Ukimtazama tu kwa wasiwasi anakuwahi, "Madoa niachie mimi." Picha yangu ya harusi iko ukutani kwangu, nina baka hapa juu ya nyusi tangu nizaliwe, pichani sina. Mke wangu anampenda yule Faki wa ukutani kuliko mimi.

Na mkewe Mselem alipofariki, Sikudhani akiwa mdogo, picha za mtoto ndizo zilizomfariji. Kila Idi alimkalisha kwenye kiti kile. Na kila Idi, hata zile Idi ambazo mashavu ya binti yalikuwa kama yamechomwa na mafuta ya kukaangia, Mselem alikaa dirishani akayafuta yote. Picha kubwa kuliko zote aliining'iniza juu ya mlango: Sikudhani anacheka, uso safi kabisa.

Basi ikafika siku ya kuzaliwa kwa Mlezi wa Taifa. Mpiga picha wa Ikulu akawa anaumwa, au anatafakari, sikumbuki vizuri. Wakamwita Mselem. Akaenda na pazia lake, akampiga Mlezi picha, akarudi nayo studio, akakaa dirishani, akailamba brashi.

Mnajua kilichofuata. Uwanja umejaa. Bendi imenyamaza. Kitambaa kinashushwa, na mbele ya taifa zima Mlezi anaonekana ana mashavu kama sahani iliyooshwa. Kiranja wa shule akapanda na fimbo yake kuwaongoza wenzake. Akaelekeza kulia, Uhuru haupo. Akashuka kidevuni, Umoja umeondoka. Akahangaika karibu na sikio kwa muda mrefu, Maendeleo yakatafutwa, hayakuonekana. Mtoto wa watu akaanza kulia na watu wazima wakatazama viatu vyao.

Mselem akashtakiwa kwa kuifutia nchi historia. Mahakamani akajitetea kwa kweli yake. "Mheshimiwa hakimu, mimi sikukusudia ubaya. Ndiyo kazi yangu. Hata wewe nilikufuta lile kovu la shavuni, ukanishukuru."

Watu wakageuka kumtazama hakimu shavuni, na hakimu akaongeza adhabu.

*

Mwanzo mambo yalikwenda vizuri. Kila Alhamisi Sikudhani alifika langoni na mkate wa kumimina aliouoka mwenyewe, ameufunga kwenye kitambaa, bado una joto.

"Shikamoo, ami Faki."

"Marahaba, mwanangu. Hebu geuka kwenye mwanga."

Ananiita ami, kwa sababu mimi na baba yake tumekua uwanja mmoja. Namjua tangu anatambaa na kula mchanga mlangoni kwangu. Lakini kumjua mtu ni mambo ya mtaani. Kumtambua ni mambo ya serikali. Kwa hiyo nilitoa picha yake ya usajili, nikashika kioo, nikaanza sikio la kushoto kwenda la kulia. Matatu chini ya jicho, yapo. Kubwa la shavu, lipo. Punje za mtama, zipo. Pita, mwanangu. Na mle ndani nilikuwa nawasikia wanacheka, baba na mtoto, kupitia nondo.

Kisha mambo yakaanza kwenda kombo, na hakuna aliyekosea. Sikudhani alikuwa anakua. Chunusi zikakoma, madoa yakaanza kufifia. Kila alipokuja niliona yamepauka zaidi. Yale matatu chini ya jicho yakawa mawili, kisha ikawa lazima apigwe jua la pembeni ndipo yaonekane. Mtu mwingine angempongeza. Wasichana wa nchi za wenzetu, nasikia, wanalala na liwa na manjano usoni wakiomba jambo hilo hilo. Mimi nilikuwa najiminya macho kwenye kioo na jasho linanitoka.

Nikamwonya. "Sikudhani, unafifia."

Akacheka. "Ami, ni utu uzima tu huu."

"Najua. Lakini utu uzima haujaandikwa kwenye picha."

Alhamisi iliyofuata sikuona kitu. Uso wa binti ulikuwa umetulia kama ile picha ya juu ya mlango wa studio. Nilitazama kwa kioo, nikatazama bila kioo, nikamwambia atoke nje aingie tena.

"Ami, ni mimi."

"Najua ni wewe. Ningekuwa sijui, ingekuwa rahisi."

Nikamrudisha. Mkate nao haukuruhusiwa kuingia, kwa sababu chakula hukabidhiwa na mtu aliyetambuliwa, na mkate usio na mtu ni mali ya lango. Tuliula, sisi wa zamu. Sitasema uongo, ulikuwa mtamu, na kila tonge lilinikwama.

*

Msidhani ni Sikudhani peke yake. Vijana wote wa usajili ule walikuwa wakitakata kwa pamoja, na nchi ikaanza kupoteza watu ambao walikuwa wamesimama pale pale. Bwana harusi mmoja alikataliwa na kadhi siku ya ndoa. Posta walimkatalia mwenzao kuingia kazini.

Waziri wa Utambuzi akaja langoni kwetu kuzungumza na wananchi. Ni mtu mnene wa maneno.

"Ndugu wananchi!" alisema. "Kuna watu, sitawataja, wanaofifia. Nasema wanafifia kwa makusudi! Huko ni kuitoroka nchi kupitia mashavuni. Mtu akishindwa kulitunza doa lake mwenyewe, tutamkabidhi nini? Mnataka serikali ibadilike kila uso unapobadilika? Haiwezekani. Picha ndiyo ya kudumu. Nyuso ndizo zijitahidi zifanane na picha!"

Tukapiga makofi. Siku ile ile ndimu zikapigwa marufuku, kwa kuwa zinatakatisha ngozi, na achari ikaanza kutengenezwa kwa embe tupu. Liwa ikauzwa kwa kunong'onezana. Mwanamke akionekana na mwavuli siku ya jua alisimamishwa aeleze anajikinga na nini.

Yupo aliyenong'ona kwamba hata Mlezi mwenyewe amefifia zamani, na kwamba asubuhi kuna bibi anayemchora kwa wanja. Uzushi mtupu. Ni kweli kwamba gwaride la mwaka ule lilinyeshewa, na Uhuru ukaonekana ukiteremka taratibu mpaka shingoni. Lakini gazeti lilieleza kesho yake kwamba Uhuru umesonga mbele.

Katika hotuba hiyo hiyo Waziri alitaja jambo lingine, kwa kupitia tu, kama mtu anayekumbuka mwavuli. Watafakari waliokaa sana watahamishiwa Kisiwa cha Chumvi kabla ya mwezi mpya. Huko hakuna siku za kutembelewa. Hazijaanzishwa. Na waliokwenda huko hatujawahi kuwapokea tena, kwa sababu, nadhani, kunapendeza.

Sikudhani alikuwa amesimama mbele kabisa. Nilimwona anashika nguzo ya lango.

Watu wakitawanyika akanifuata kwenye kiti. "Ami Faki, nataka nimwone mara moja tu kabla hajaondoka. Sihitaji kuingia. Asimame huku, nisimame kule, anione."

"Njoo na uso wako, mwanangu. Uso uliosajiliwa. Mimi sina kingine cha kukwambia."

*

Alijitahidi, huyo mtoto. Alikula karanga, alikula kachori, alikula kila kilichoelea kwenye mafuta. Alijipaka mafuta ya nazi usoni akakaa juani barazani, na wapita njia wakamsifu kwa uzalendo. Chunusi zikatoka kweli. Zikatoka kwenye paji la uso na puani, mahali ambapo hazikuwepo kwenye picha. Nikalazimika kuzitaja kwa jina lake la kazi: nyongeza zisizoidhinishwa. Badala ya kuwa mtu asiyetambulika akawa mtu anayefanana na mtu mwingine, jambo ambalo ni baya zaidi.

Akakaa chini kwenye changarawe. Hakulia. Angelia ningeweza kumkataza, kwa kuwa kulia langoni kuna kanuni yake. Alikaa tu, ameushika ule mkate kwenye mapaja.

"Hata sikumbuki yalikuwa wapi, ami," akasema. "Miaka yote nilikuwa sitazami kioo. Na nyumbani hakuna hata picha moja inayoyaonyesha. Baba ameyafuta yote."

Picha ya usajili haitakiwi kuonwa na msajiliwa. Hilo liko wazi kabisa. Lakini siku ile nilishikwa na kiu ya ghafla, nikainuka kwenda kunywa maji mtungini, na kwa bahati mbaya nikaisahau picha mezani, imelala chali, na kioo juu yake. Nilikunywa maji mengi sana siku ile. Niliporudi picha ilikuwa pale pale na Sikudhani alikuwa ameshafika barabarani, anakimbia.

Alikwenda kwa Bi Raya, mpambaji wa maharusi. Bi Raya ni mtu wa mikono myepesi; anachora piko kwenye viganja mpaka ua linaonekana linanukia. Nasikia alisita. "Mwanangu, nimewapaka watu wawe wazuri. Kumpaka mtu chunusi sijapata." Akampaka hata hivyo. Akachanganya piko na hina kidogo ili isiwe nyeusi mno, akatumia kijiti kilichochongoka, akamwekea matatu chini ya jicho, kubwa la shavu, na punje za mtama moja moja kuelekea sikioni.

*

Alhamisi ya mwisho kabla ya mwezi mpya alikuja na mkate wake. Nilimwona toka mbali nikasimama bila kutaka. Subhanallah! Alikuwa yeye. Yaani alikuwa yule wa serikalini.

Nilitoa kioo. Sikio hadi sikio, hakuna kilichopungua, hakuna kilichozidi.

"Sikudhani binti Mselem," nikasema kwa sauti ili kila mtu asikie, "umetambuliwa."

Akatabasamu, na mimi nikatabasamu, na askari wa zamu akashika komeo. Ndipo Mkuu wa Nyumba, Afande Shaame, akatoka ofisini na karatasi iliyokuwa bado na joto la mashine.

"Subirini. Kuanzia leo kuna Utambuzi wa Ndani."

Watu walikuwa wameanza kughushi madoa, unajua. Kwa hiyo Wizara iliona vyema kwamba mgeni akishatambuliwa nje, mtafakari aulizwe ndani, bila kumwona, ataje alama za ndugu yake. Majibu yakilingana na picha, mlango unafunguliwa. Ni utaratibu mzuri. Sijasema ni mbaya.

Mselem akaletwa nyuma ya mlango wa chuma. Hatukumwona. Tulisikia kandambili zake zinaburutwa, halafu kikohozi chake. Sikudhani aliposikia kile kikohozi aliinua kiganja akakiweka kwenye chuma.

Afande Shaame akasogea kwenye tundu. "Mtafakari Mselem. Kuna mtu langoni anadai ni binti yako. Taja alama za uso wake."

Halafu tukasikia anacheka, kile kicheko chake cha dirishani.

"Sikudhani? Amekuja Sikudhani?"

"Taja alama."

"Alama gani, afande? Mwanangu hana alama."

Nilimwona Sikudhani amefumba macho. Akafungua mdomo, nami nikamwonyesha kidole, ishara ya kunyamaza, kwa kuwa kumsaidia mtafakari jibu kunafuta ziara ya leo na ya siku zote.

Hata Afande Shaame alilegea. Naye ana mabinti. "Fikiri vizuri, Mselem. Chukua muda wako. Mashavuni. Chini ya jicho, labda."

"Nifikiri nini, bwana? Si mimi niliyemzaa?" Sauti yake ilikuwa na fahari, ile fahari ya mzazi anayeulizwa habari ya mtoto wake na watu wasiomjua. "Tena nenda studio kwangu ukatazame, ipo picha yake juu ya mlango, kubwa. Uso wa mwanangu ni safi. Huoni hata doa moja. Mtu akikuletea msichana mwenye madoa akakwambia ni Sikudhani, mfukuzeni, huyo ni mwongo."

Afande Shaame akainama akatazama buti zake. Kisha akanitazama mimi, kama vile mimi ningekuwa na la kufanya. Ningefanya nini? Jibu lilikuwa limeshatoka.

"Hailingani," akasema.

Tukasikia kandambili zinarudi, taratibu. Na huku zinarudi tukamsikia anauliza, "Sasa mbona hamfungui? Afande? Mwanangu yuko wapi?"

Sikudhani ndipo akalia. Alilia mpaka kanga ikalowa, na yale madoa hayakutikisika, maana piko haitoki kwa machozi. Akaenda bombani, akajisugua kwa sabuni, akajisugua kwa mchanga, mpaka mashavu yakawa mekundu na madoa yamekaa pale pale.

"Yapo, ami," akaniambia. "Niliambiwa yawepo, na yapo. Sasa niyafanyeje?"

Nikamwambia yatatoka yenyewe baada ya siku kadhaa. Ndilo jibu pekee nililokuwa nalo, na mwezi mpya ulikuwa wa kesho.

*

Lori la chumvi lilikuja asubuhi kuwapeleka bandarini. Watu walikuwa wengi nje ya lango, wengi wao wanawake, na kwa kuwa hakuna aliyetambuliwa waliwekwa ng'ambo ya barabara kama wapitaji. Mimi nilipewa kusimama katikati na kirungu ambacho sijui kukitumia.

Sikudhani alisimama kando, amejitanda kanga mpaka machoni. Nilijua kwa nini. Hakutaka baba yake amwone na ule uso wa serikali.

Watafakari wakapandishwa mmoja mmoja. Mselem alikuwa amekonda, amekuwa mdogo kama nguo iliyofuliwa sana. Akakaa mwisho kabisa, karibu na mlango wa nyuma, akawa anatafuta. Alipitisha macho kwa mama huyu, kwa binti yule, anarudi mwanzo, anatafuta tena. Dereva akawasha injini.

Hapo Sikudhani akaitupa kanga. "Baba! Baba, mimi hapa!"

Lori zima liligeuka, maana kila mmoja mle alikuwa baba wa mtu. Lakini Mselem alimwona. Nilimwona anavyomwona. Hakushtuka, hakujiuliza, hakuhitaji kioo. Alitabasamu, kisha akakunja uso kidogo, kama alivyokuwa akikunja pale picha inapotoka kwenye maji, na akainua mkono. Mnyororo ukainuka pamoja nao. Akailamba ncha ya kidole. Akaanza kufuta hewani.

Mimi ile picha nimeishika kwa muda mrefu, naijua kuliko uso wa mke wangu. Nikamfuata kwa macho. Viduara vitatu chini ya jicho la kushoto. Kimoja kikubwa, taratibu, shavu la kulia. Halafu zile punje za mtama, moja moja, kuelekea sikioni. Hakuruka hata moja. Alikuwa anayajua yote, kila doa na mahali pake, na yote alikuwa anamfutia. Midomo yake ilikuwa ikisema kitu, na ingawa mashine ilikuwa inanguruma nilikijua ni nini, kwa sababu mtaa mzima tumeambiwa maneno yale kwenye kile kiti.

Sikudhani alisimama kimya, ameunyoosha uso, shingo wima, amemeza mate. Alitulia hivyo hivyo mpaka lori likakata kona.

Afande Shaame akanijia na kalamu yake. Kwa mujibu wa kanuni, lazima taarifa ya safari iseme kama kuna mtafakari aliyetambuana na mtu.

"Faki. Kuna aliyetambuliwa?"

Nilitazama ng'ambo ya barabara. Binti alikuwa bado hajaushusha uso.

"Hakuna, afande," nikasema.